Shikamoo Niliyopewa kwa Makosa

Mimi ni mtoto wa ziwani. Hayo maneno matano ndiyo yaliyonivunja kiuno.

Nimezaliwa Ukerewe, nikavuka kuja kusoma Mwanza mjini, nikabaki. Kazi yangu ni ya mahesabu, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko kwenye kiti. Kitambi kilipoanza kunizuia kufunga kamba za viatu, mama watoto akasema, bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua, "Baba, nenda jimu. Au nunua makobazi."

Nikaenda jimu. Ni ya mtaani tu, huku Nyegezi, ghorofani. Kijana wa pale alinionyesha mashine zote nikazikataa moja moja, mpaka macho yakatua kwenye ile ya kupiga makasia: reli ndefu, kiti kinachoteleza, mpini wenye mnyororo, na kule mbele gurudumu lenye feni ndani.

"Hii sasa kaka, ina namna yake ya..."

"Mdogo wangu," nikamkata, "mimi ni mtoto wa ziwani."

Sikumwambia kwamba mara ya mwisho kushika kafi nilikuwa darasa la sita. Halafu kafi la kwetu unalipiga ukiwa unaangalia unakokwenda, mikono na mabega ndiyo yanahangaika. Mashine ile unakwenda kinyumenyume, kama mtu anayetoka sebuleni kwa mkwe.

Ubavuni mwa gurudumu kuna kitu cha kusogeza, namba 1 mpaka 10. Dada wa mashine ya pili alikuwa ameweka 4, anavuta taratibu kama hana haraka na maisha. Nikamwonea huruma. Shuleni kwetu ukipata 4 kati ya 10 ulichapwa. Mimi nikapandisha 10.

Kumbe ile namba wala si mzigo. Inafungua tu njia ya hewa kuingia kwenye feni. Ukiweka 10 hewa inaingia nyingi, gurudumu linapungua kasi haraka, na kila unapovuta ni kama unaanza upya kuuchomoa mtumbwi kwenye matope. Ukiweka 4 ni mtumbwi mwepesi, unateleza. Ugumu unauleta mwenyewe kwa nguvu unayovutia, ndiyo maana wapiga makasia wenyewe, watu wa mashindano, wengi hawaendi mbali na 3, 4 au 5. Yule dada alikuwa anajua. Mimi nilikuwa na cheti cha kuzaliwa.

Ukutani palibandikwa karatasi ya maelekezo. Inaonekana mtu aliichukua ya Kiingereza akaipa simu itafsiri, maana iliandikwa: "Mwisho wa kuvuta, laza mgongo hadi saa moja." Sasa saa moja yetu sisi, mshale uko kwenye 7! Nikakaa nikaitafakari. Mgongo wa binadamu unafikaje kwenye 7 bila kutoboa sakafu? Nikasema Wazungu wana mazoezi yao. Kila nikivuta, nalala chali, naangalia feni ya darini, narudi.

Walimaanisha saa saba mchana. Kuegemea nyuma kidogo tu, basi. Na kurudi mbele, saa tano.

Lakini uhalifu wenyewe ulikuwa kwingine. Nilikuwa nasukuma kwa miguu, makalio yanatangulia nyuma peke yake, mpini na mikono vimebaki kule mbele, halafu ndipo naufuata ule mpini kwa kiuno, mgongo umepinda kama ndizi. Kioo kinasema mara 38 kwa dakika. Yule dada alikuwa anavuta mara 20 na kidogo, na alishaanza kuniangalia.

Dakika ya nane, chini ya mgongo kitu kikasema: ta! Si kwa kelele. Kama uzi wa kifungo unapokatika.

Nikainuka. Yaani miguu iliinuka. Kifua kilibaki kinasoma sakafu.

Nikashuka ngazi nimekunjwa hivyo hivyo. Nje, kijana wa bodaboda akanitazama kwa huruma: "Mzee, wewe subiri bajaji." Mzee! Nina miaka 41. Watoto wawili wenye sare wakapita, "Shikamoo babu." Nikawaza, sawa, watoto. Lakini pale kona kuna mama anauza dagaa, mtu mzima wa kumzaa mama watoto, namwamkia kila asubuhi mwaka wa kumi huu. Akaona mgongo umepinda unapita mbele ya meza yake, uso hauonekani, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mzee wangu."

Maumivu yale hayakuwa na nafasi ya maelezo. Nikaitikia, "Marahaba."

Hospitalini nilimkuta mtaalamu wa viungo. Akaniinua mguu mmoja mmoja, akauliza kama nina ganzi miguuni au huku katikati ya mapaja, na kama mkojo unanitoka au unagoma. Nikasema hapana. Akasema ingekuwa ndiyo, tusingekuwa tunaongea hivi, angenikimbiza kwa daktari muda huo huo. Misuli tu imevutika. Nilishajiandaa kwa wiki mbili za kitandani na supu ya sato; akaniambia nitembee, kidogo kidogo, kila siku. Supu hakuitaja kabisa.

Aliyenifundisha kupiga makasia ni mama watoto, mtu ambaye hata feri ya Kamanga anapanda amefumba macho. Alinikuta nimeinama juu ya ndoo ya maji, lita 20, nataka kuinyanyua.

"Acha. Angalia." Akachuchumaa, akaisogeza ndoo karibu, kifua juu, akainuka nayo kwa mapaja. "Mgongo wangu umefanya nini hapo?"

"Hakuna."

"Haya."

Wiki ya sita nikarudi jimu, nikamwacha kijana aseme mpaka amalize. Miguu isukume kwanza, mpini uende pamoja na kiti. Miguu ikikaribia kunyooka, mwili uegemee kutokea kwenye nyonga. Mikono mwishoni. Kurudi ni kinyume chake: mikono, mwili, ndipo magoti. Nikaweka 4. Mara 20 kwa dakika, dakika kumi tu, na nilipohisi mgongo unataka kuwa ndizi nikashuka bila kuona aibu. Aibu niliimaliza siku ile ya ngazi.

Nikapita pale kona nimenyooka.

"Shikamoo mama."

Kimya. Ananiangalia shati, lile lile la siku ile.

"Hiyo ni ya leo," akasema. "Ile niliyokupa mimi ukaipokea, irudishe."

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akachukua sado, akaanza kupima dagaa ambao sijawaomba. "Na uliitikia kwa sauti ya kizee kabisa. Hiyo nayo utailipia."

Nikanunua sado mbili.