Acheni kung'oa mshale wa spidi

Mtu anafunga tairi kubwa kwenye Hilux ya zamani, spidi, yaani kipima mwendo, inaanza kudanganya, na fundi wa dashibodi anatoa kijiko. Anang'oa mshale, anausogeza mbele kidogo, anaurudisha, anapokea hela yake. Kazi imekwisha! Haijaanza hata.

Chukua pikapu iliyotoka kiwandani na tairi za 205R16, kipenyo kama milimita 734. Mwenyewe akafunga 265/75R16, milimita 804 hivi. Hapo tairi imekua kwa karibu asilimia 9.5: kila mzunguko gari linasogea mbali zaidi, na kebo inayoendesha spidi kutoka giaboksi haina habari. Mshale ukisoma 80, mwendo halisi ni 87 na ushee. Ukisoma 50 kijijini, uko karibu 55, na askari mwenye tochi hapimi dashibodi yako.

Sasa sikilizeni, wapiga vijiko. Kosa hili ni la asilimia. Gari likiwa 100 halisi mshale unasoma 91. Likiwa 50 unasoma 46. Ukiusogeza ili 100 isome 100, basi 50 itasoma 54 au 55, na gari likiwa limeegeshwa mshale unataka kulala kwenye 8 au 9. Umesahihisha mwendo mmoja tu, kwingine kote mshale bado unadanganya. Na kilomita je? Namba zile zinazungushwa na kebo, mshale hauzihusu. Kilomita 5,000 za barabarani zitaendelea kuandikwa 4,570 hivi. Oili inapitiliza muda wake, hesabu ya mafuta inaonyesha gari linakula kuliko linavyokula, kisha pampu na nozeli zinafunguliwa bure.

Dawa iko chini, kwenye giaboksi, au kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama ni 4x4, pale kebo inapochomekwa. Kuna kigia cha plastiki chenye meno. Fungua nati ya kebo, kisha bolti moja ya kibati, kwa kawaida spana namba 10. Weka alama bushi, ganda linaloshika kigia, ilivyokaa kabla ya kuivuta, maana ikirudi imegeuka meno huenda yasishikane sawasawa. Tega chombo, oili itadondoka. Hesabu meno. Zidisha idadi hiyo kwa mwendo wa mshale, gawa kwa mwendo halisi. Tuseme ni 22: mara 80, gawa kwa 87.6, unapata 20. Meno machache huzungusha kebo haraka zaidi, na watu wengi hununua kinyume. Badilisha oringi na sili ya ndani hapo hapo. Sili ikichoka, oili hupanda na kebo hadi kwenye dashibodi na kuharibu kila kitu.

Mwendo halisi pima kwa GPS ya simu, barabara tambarare, mwendo ule ule kwa sekunde kadhaa kwa sababu simu huchelewa. Au tumia nguzo za kilomita: 60 halisi ni sekunde 60 kwa kilomita moja.

Mshale unaorukaruka ni ugonjwa mwingine. Hiyo ni kebo kavu au iliyopinda. Chomoa waya wa ndani, uviringishe juu ya meza. Ncha ikichapa huku na huku, tupa. Ukiwa mzima, usafishe, paka grisi kidogo theluthi mbili za chini, juu uache mkavu. Grisi ikifika kwenye sumaku na kikombe chake vinavyosukuma mshale, mshale utapanda peke yake.

Haya, nakubali: spidi ya kiwandani huwekwa isome juu kidogo kwa makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu isome chini ya mwendo halisi kamwe, ila juu inaruhusu hadi asilimia 10 na kilomita 4 zaidi. Kwa hiyo 80 halisi ikisoma 83, iache. Ukibadilisha uwiano wa gia za difu kutoka 4.1 kwenda 4.556, spidi itasoma juu kwa asilimia 11, hesabu ni ile ile. Gari zenye sensa ya umeme badala ya kebo zinataka kiboksi cha kurekebisha mapigo, si kigia.

Na muuzaji wa spea Ilala akikwambia vigia vyote ni sawa, weka kile cha zamani kaunta, hesabuni meno pamoja kabla hujatoa hela.