Mtoto anayekula mbio mbio si mlafi

Juzi jioni hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, mama mkubwa alikuja kutusalimia akatukuta tunakula, bugali na sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo) kidogo, na mdogo wangu wa miaka 10 alikuwa anakata matonge makubwa makubwa hata hatafuni vizuri, basi mama mkubwa akamwambia mbele ya wote: "Wewe uko mulafi sana, tumbo yako utaitawala siku gani?" Mtoto akaacha kula. Akanawa mikono akaenda kulala. Iliniuma sana jamani.

Tonge hilo lilikuwa la kwanza tangu asubuhi! Nyumba nyingi hapa Bukavu moto unawaka mara moja tu kwa siku, jioni, mama akisharudi sokoni. Mtoto anaamka, anapanda milima kwenda shule, anarudi, anangoja, halafu saa moja ya usiku tunataka ale polepole kama mgeni.

Njaa si tabia mbaya. Tumbo likikaa tupu linatoa homoni inaitwa ghrelini, Wajapani ndio waliigundua 1999, inaenda mpaka kwenye ubongo, sehemu ndogo inaitwa haipotalamasi, kudai chakula. Na inazoea saa zenu za kula, mkizoea saa moja jioni inaanza kupanda hata kabla sufuria haijaepuliwa. Ile njaa ya mchana nayo inabana halafu inashuka yenyewe hata kama hujala kitu, mtoto anarudi kucheza na sisi wakubwa tunasema "amezoea". Hapana, imeshuka tu, itarudi.

Na shibe inachelewa, hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Tumbo linatanuka, mishipa ya fahamu inapeleka habari kichwani, chakula kikifika kwenye utumbo nao unatoa homoni zake za kusema inatosha, na hayo yote yanaweza kuchukua kama dakika 20. Sasa weka watoto watano kwenye sahani moja, dakika saba sahani ni nyeupe, anayetafuna vizuri ndiye atalala njaa. Nimekulia kwenye sahani hiyo, najua, mkono unajifunza mbio kabla ya kichwa.

Wanaosema "jitawale tu" wasome mambo ya Minnesota huko Marekani. Kuanzia mwisho wa 1944 mwanasayansi Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa muda wa miezi sita. Watu wazima hao! Wakawa wanaota chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kutwa nzima, wanalamba sahani. Na walipoanza tena kulishwa vizuri baadhi yao walikula mpaka tumbo kujaa na bado wakasema wana njaa. Baadaye, 1994, ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili kuambia ubongo kwamba akiba ipo, akiba ikipungua leptini inashuka na ubongo unasukuma njaa kwa nguvu zaidi. Sasa kama wanaume wale wenye elimu zao njaa iliwapeleka hivyo, mtoto wa miaka 10 tunamwita mlafi kwa lipi?

Tena neno hilo linabaki. Mtoto akishaitwa mlafi anaanza kula kwa kuibia, au anasema ameshiba wakati hajashiba, kama juzi, na mimi nimeona dada wakubwa waliokatazwa hivyo utotoni mpaka leo hawawezi kula mbele ya watu.

Jana nimeongea na mama, tumekubaliana tutoe kikombe kimoja cha unga wa sosoma (soya, mtama na mahindi) kila siku, mtoto akitoka shule akute uji. Kikombe kimoja tu, zaidi hatuna. Na mama mkubwa akirudi Jumapili nitamwomba kwa heshima zote amwite mtoto akae karibu naye, wale kwenye sahani moja wawili tu.