Broila na wazazi wake: nani analipia uroho tulioupanda?

Katika utafiti uliochapishwa 2014, watafiti wa Canada walilinganisha aina za kuku wa nyama wa 1957, 1978 na 2005, wakawalisha chakula kilekile. Wakiwa na siku 56, wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni hamu ya kula.

Hamu hiyo huongozwa na haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayopokea taarifa kutoka kwenye gole (mfuko wa chakula ulio shingoni mwa ndege), utumbo na damu. Jaribio lililochapishwa 1983 linanifikirisha hadi leo. Watafiti waliharibu eneo la ubongo linalozuia ulaji. Kuku wa ukoo mwepesi, uliochaguliwa kwa uzito mdogo, wakala kupita kiasi na kunenepa, lakini wa ukoo mzito, uliochaguliwa kwa uzito mkubwa, hawakuongeza ulaji. Ni kama breki yao ilikuwa imekwisha legea tangu kuzaliwa, na kilichobaki kuwazuia ni ukubwa wa tumbo tu.

Kwa broila anayechinjwa akiwa na wiki sita, hilo ni faida kwa mfugaji. Wazazi wake wamerithi uroho uleule, lakini wao wanatakiwa kuishi zaidi ya mwaka na kutaga. Ndiyo maana wakiwa wanakua hupimiwa chakula, mara nyingi kati ya robo na nusu ya ambacho wangekula wakiachiwa.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito: mtetea akila atakavyo hunenepa, utagaji huvurugika, miguu hushindwa na vifo huongezeka. Lakini kuku hao wana njaa ya kweli. Hudonoadonoa vyombo vitupu, hunywa maji kupita kiasi na hawatulii. Kuchanganya makapi ya nafaka hujaza gole na kurefusha muda wa kula, ila mwili bado unadai nishati.

Kwa ndege waliokwisha kuzalishwa hivi, naona kupima chakula ni dhara dogo kuliko kuwaachia. Nisichokubali ni kuufanya upimaji kuwa jibu la kudumu, wakati wazalishaji wa mbegu ndio wanaochagua uroho huo kizazi baada ya kizazi. Mitetea wenye jeni ya udogo, inayowafanya wabaki na mwili mdogo, tayari wapo, na hawahitaji kubanwa sana. Majogoo wanaopandishwa nao, hata hivyo, bado ni wa ukuaji wa kasi, na wao wanaendelea kupimiwa.