Kamati ya usalama isiyojua ufunguo uko kwa nani

Karibu kila kiwanda cha kutajika hapa Kenya kina kamati ya usalama na afya. Ukiingia getini utaziona picha za wajumbe kwenye ubao wa matangazo, wamevalia rifleksta mpya, na chini yake sera ya kampuni iliyotiwa saini na mkurugenzi. Mimi picha hizo hazinishughulishi. Nikifika mahali pa kazi hutaka kujua jambo moja tu: lile lililolalamikiwa na mfanyakazi mwezi wa kwanza, mwezi wa nne limefika wapi? Kamati zetu nyingi huanguka mtihani huo. Wajumbe wake si wavivu. Shida ni namna kamati zenyewe zinavyoundwa.

Sheria tunayo. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mwenye mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi aunde kamati. Kanuni za kamati zilitangulia sheria hiyo, zilitoka 2004, nazo zimeeleza mambo waziwazi. Penye wafanyakazi 20 hadi 100, kila upande, wa menejimenti na wa wafanyakazi, utoe wawakilishi wasiopungua 3. Hadi 1,000, wasiopungua 5. Kupita hapo, 7. Kamati ikutane angalau mara moja kila miezi 3, na mjumbe apate mafunzo ya msingi ndani ya miezi 6 tangu achaguliwe. Ndugu zetu wa Tanzania, chini ya Sheria Namba 5 ya 2003, huanza na wawakilishi wa usalama na afya, kisha kamati ikajengwa juu ya wawakilishi hao. Mpangilio huo naupenda, kwa kuwa mtu anatangulia mkutano.

Maradhi huanzia kwenye uchaguzi. Wawakilishi wa wafanyakazi wanatakiwa wachaguliwe na wenzao. Kinachotendeka ni kwamba afisa wa rasilimali watu hupita na karatasi akiokota majina: huyu mtulivu, huyu Kiingereza chake kizuri, huyu hana maneno mengi. Nimeona kamati yenye wajumbe 5 wa upande wa wafanyakazi, 4 kati yao masupavaiza na wa tano karani wa stoo. Supavaiza ni mtu wa menejimenti hata akivaa ovaroli ya bluu kama wengine. Bonasi yake hutegemea magunia yaliyotoka kwa siku.

Kuna anayeweza kuniuliza, tofauti iko wapi, si wote wanafanya kazi jengo moja? Nilikaa kwenye kamati kama mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha upakiaji huko Changamwe, Mombasa, na niliiona tofauti hiyo kwenye mashine ya kushona magunia. Kinga ya mkanda wake, ile inayoufunika usimnase mtu, ilikuwa haikai. Kila ukaguzi inakutwa sakafuni, imeegemezwa ukutani. Mjumbe mwenzetu aliyekuwa karani wa stoo aliandika kwamba wafanyakazi waelimishwe umuhimu wa kinga, na mabango yakabandikwa. Hakuna aliyemuuliza mwendesha mashine. Siku alipoulizwa alijibu kwa sentensi mbili: uzi hukatika mara nyingi kwa zamu moja, na kila ukikatika lazima afungue boliti nne kwa spana namba 13 ndipo aufikie. Akifanya hivyo kila mara, hafikishi idadi. Fundi akatoa boliti, akaweka bawaba na kitasa, pamoja na swichi inayozima mashine kinga ikifunguliwa. Kuanzia hapo kinga haikutoka tena mahali pake, na mabango yakabaki kushika vumbi. Yule mwendesha mashine hakuwahi kuwa mjumbe wa kamati, na kwa utaratibu wa kuokota majina asingekuwa.

Ndiyo maana nashikilia uchaguzi wa kura za siri, idara kwa idara, na sanduku lizungushwe hadi zamu ya usiku. Zamu ya usiku husahauliwa sana. Wakubwa wote wamelala, taa nusu zimezimwa kuokoa umeme, na gari la kumkimbiza mtu hospitali halipo.

Halafu kuna suala la mlango. Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye godauni za Shimanzi au Miritini analijua. Mlango wa dharura upo, umepakwa rangi ya kijani, maandishi yake yanasomeka, na una kufuli. Ufunguo anao mlinzi, au supavaiza, au umetundikwa ofisini ambako nako kumefungwa. Sababu ni wizi. Na sisemi kwamba ni sababu ya uongo, maana bidhaa hupitishwa milangoni kweli, na meneja wa ghala ndiye anayekatwa mshahara hesabu zikipungua. Kamati ikikutana, anayewajibika kwa usalama wa watu atasema kufuli litoke, anayewajibika kwa usalama wa mali atasema libaki, na mwenyekiti, ambaye mara nyingi ni meneja mwenyewe, ataahirisha. Sheria haina kigugumizi hapo: watu wakiwa ndani, mlango usifungwe kwa namna ya kuwazuia kuufungua kwa urahisi wakiwa ndani. Dawa yake pia si ya ajabu. Zipo komeo za kusukuma kwa kifua ambazo hufunguka kutoka ndani tu, na king'ora cha kulia pindi mlango ukiguswa. Mwizi atasikika, na watu watatoka.

Wenye kuona nakuza mambo na wakumbuke Karachi, Pakistan. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliwaka moto, wakafa watu zaidi ya 250. Baadaye mahakama iliamua kwamba moto ule uliwashwa kwa makusudi, na waliouwasha wakahukumiwa. Lakini kilichowazuia wafanyakazi kutoka ni milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Wiki chache tu kabla ya hapo, kiwanda hichohicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi, SA8000. Mkaguzi alikuja, akaona makaratasi, akaondoka. Sisi nasi tunaijua hiyo ya mgeni njoo mwenyeji apone: wiki ya ukaguzi glavu mpya hutoka stoo, kufuli huondolewa, hata sabuni ya chooni hupatikana. Ndiyo maana simtegemei mkaguzi wa mara moja kwa mwaka. Mjumbe wa kamati yuko hapo kila siku, na anaweza kuusukuma ule mlango Jumanne saa tisa usiku, bila kumwarifu mtu.

Nije kwenye kumbukumbu za mikutano. Fungua faili la kamati yoyote uende moja kwa moja kwenye safu ya mwisho, ile ya hatua zilizochukuliwa. Utakuta "inashughulikiwa". Mkutano unaofuata, "inashughulikiwa". Anayeishughulikia hatajwi, wala siku ya kumaliza. Kwetu tulikubaliana kwamba neno hilo haliandikwi tena. Kila jambo liwe na jina la mtu mmoja na tarehe, na likipita tarehe mara mbili lipelekwe kwa mkurugenzi kwa barua. Tukaanza pia kuandika kumbukumbu kwa Kiswahili na kuzibandika mlangoni pa kantini, kwa sababu za Kiingereza hazikuwa zikisomwa na yeyote isipokuwa aliyeziandika. Meneja mmoja hakufurahi kuona jina lake pale kantini. Bomba la mvuke lililokuwa likivuja lilizibwa wiki ileile.

Pesa nayo. Kamati isiyo na fungu lake, hata dogo, huwa inaomba kila kitu. Balbu ya ngazi iliyoungua inapitia ofisi ya manunuzi pamoja na lori la vipuri, na inangoja foleni moja nalo. Waajiri wengi huogopa wakisikia fungu, wanadhani kamati itanunua mashine. Hapana. Inataka balbu, mkanda wa kuzuia utelezi, mchanga wa kumwagia mafuta, kufuli za kufungia swichi fundi akiwa ndani ya mashine. Vitu vya namna hiyo mtunza stoo avitoe kwa saini ya katibu wa kamati. Na mikutano ifanywe ndani ya saa za kazi. Mkutano wa saa kumi na moja jioni, matatu zikijaa, mjumbe anaangalia saa tu.

Kuhusu hofu nitasema kidogo. Kifungu cha 8 cha sheria ileile kinakataza mfanyakazi kufukuzwa au kubaguliwa kwa sababu amelalamika juu ya usalama, au kwa sababu ni mjumbe wa kamati. Wajumbe wengi hawajui kwamba kipo. Wapewe nakala siku ya mafunzo, kabla ya chai na mandazi.

Ninalolipigania zaidi ya yote ni la vibarua. Hawa huja getini alfajiri, huitwa majina na wakala, huingia wakabeba magunia, wakapanda juu ya marundo, wakasafisha matangi, na jioni hulipwa na wakala huyohuyo. Kiwanda kinaweza kuwa na waajiriwa 18 kwenye daftari la mishahara na watu 70 sakafuni. Ukimwambia mwenyewe aunde kamati, atakujibu kwamba hajafikisha 20. Na hata palipo na kamati, kibarua hapigi kura wala hapigiwi, kwa hoja kwamba kesho huenda asiwepo. Mbona wengine wanaingia geti lilelile mwaka wa sita huu? Kazi ya hatari zaidi anapewa yeye, viatu anakuja navyo kutoka nyumbani, na akiumia kiwanda na wakala hurushiana mpira.

Wizara ya Kazi ingeweza kulimaliza hili kwa kurekebisha kanuni za 2004: idadi ihesabiwe kwa daftari la getini, yaani watu wote wanaofanya kazi hapo kwa zamu, bila kujali nani anawalipa, na kiti kimoja cha upande wa wafanyakazi kiwe cha vibarua. Vyama vya wafanyakazi vililie hilo kwenye mapatano ya pamoja hata kabla ya wizara kuamka, maana wanachama wao wanafanya kazi chini ya marundo yaleyale yanayopangwa na vibarua.