Funguo zilikuwa ndani ya begi

Desemba iliyopita nilipanda kwetu Kibosho, Kilimanjaro, kama Wachaga wote wanavyopanda mwezi huo. Jioni moja, mbege ikizunguka, nikajikuta nawasimulia wazee kifo cha jasusi wa London. Nilianza kwa mzaha tu. Naishi kusini mwa jiji hilo, nahudumia wazee zamu za usiku, na asubuhi basi langu huvuka daraja la Vauxhall. Pembeni ya daraja ndipo lilipo jengo la MI6, majasusi wao wa nje. Halijifichi, watalii wanalipiga picha. Baba mdogo hilo peke yake lilimshinda: "Ofisi ya Usalama unaipiga picha na hakuna anayekushika?"

Ng'ambo ya daraja ni Pimlico. Huko, Agosti 2010, polisi walikuta mwili wa Gareth Williams, miaka 31, bingwa wa hesabu kutoka kisiwa cha Anglesey, mwajiriwa wa GCHQ, idara yao ya kunasa mawasiliano, aliyeazimwa MI6. Alikuwa ndani ya begi la safari, begi limewekwa kwenye bafu, limefungwa kwa kufuli kwa nje. Funguo zilikuwa ndani ya begi, chini yake.

Nilipofika kwenye funguo, mzee mmoja aliweka kata ya mbege chini.

"Huyo kafungiwa," akasema. "Hapo polisi wa nini?"

Ndivyo walivyosema Waingereza wengi pia. Mwaka 2012 kifo kile kilichunguzwa hadharani na korona, yaani ofisa wa sheria anayechunguza vifo vyenye utata (tangu 2020 nikilitamka neno hilo nyumbani watu wanacheka). Aliitwa Fiona Wilcox. Alisikiliza mashahidi siku saba, familia na wakili wao wapo, waandishi wapo. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba alijaribu mara 300 kujifungia kwenye begi kama lile na hakuweza hata mara moja. Ikajulikana pia kwamba alama ya vinasaba iliyowahangaisha polisi zaidi ya mwaka ilikuwa ya mtaalamu wa uchunguzi wa kesi hiyo hiyo, iliandikwa vibaya kwenye kumbukumbu. Wenzake Gareth wa MI6 walisikika wakiwa nyuma ya pazia, na waziri wa mambo ya nje, William Hague, alishatia saini hati ya kuzuia baadhi ya siri za kazi zisitajwe. Mwisho korona akasema uwezekano mkubwa kijana aliuawa. Mwaka uliofuata polisi wa London wakasema uwezekano mkubwa alijifungia mwenyewe, ikawa ajali. Hajashtakiwa mtu.

"Sasa serikali moja inasema vitu viwili?" Baba mdogo akauliza. Alikuwa anafurahi kabisa. Huku kwetu tumezoea kudhani kwamba Ulaya serikali ikitamka, raia anaitikia amina. Nami nilikwenda na imani hiyo hiyo. Lakini nimefanya kazi na Waingereza ambao ukiwatajia begi lile wanatikisa kichwa kama mama muuza ndizi wa Mbuyuni akiambiwa bei haijapanda.

Hapo ndipo mtu akataja 1996, na sauti zikashuka.

Mwaka huo Luteni Jenerali Imran Kombe, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Usalama wa Taifa, aliuawa kwa risasi za polisi huku huku Kilimanjaro, akiwa na mkewe. Polisi walisema walimdhania mwizi wa magari. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka watu wazima nyumbani wakisikiliza taarifa ya habari redioni mpaka mwisho, kisha wakaizima, kisha ndiyo wakaanza kuongea. Sisi watoto tulitumwa kuchota maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Nisiionee nchi yangu. Kesi ile ilifika mahakamani na askari walipatikana na hatia ya mauaji. London walikuwa na korona lakini hawana mshtakiwa, sisi tulikuwa na washtakiwa na hukumu. Kwa hesabu hiyo sisi ndio tungetulia. Hatukutulia, na nadhani ni kwa sababu mahakama iliamua nani alifyatua, wakati mtaa ulikuwa unauliza swali jingine: mtu anayejulikana kiasi kile anafananishwaje, tena kwao? Swali hilo halikupata meza ya kukalishwa. Kwenye vitabu tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na hata korona yumo. Simama stendi ya Moshi uulize watu mia kama wamewahi kumwona.

Mimi kule sikuupata ukweli wa Gareth Williams, lakini mashaka yangu yana pa kushika. Najua ni neno gani la nani silikubali. Nikibishana na mfanyakazi mwenzangu, tunabishania kufuli, funguo, majaribio yale 300. Nyumbani tunabishania aliyesikia kwa shemeji yake.

Wazee wenyewe, lakini, kilichowauma kilikuwa kingine. Niliwaambia kijana yule hakuonekana kazini karibu wiki nzima kabla ofisi yake haijatoa taarifa, na korona aliwasema vikali kwa hilo, nao wakaiomba familia radhi. Yule mzee aliyeweka kata chini hakuamini. Wiki? Kibosho moshi usipoonekana jikoni asubuhi, kabla ya saa nne mtu keshapiga hodi. Akaniuliza kama na mimi ninakaa hivyo. Nikasema jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina, na nimekaa pale miaka sita. Wakanyamaza wote. Mama akaniongezea nyama.

Niliporudi London ilinisumbua. Wale wazee walikuwa watu wazima 1996, wanajua waliyosikia na aliyewaambia. Jumapili nikampigia Baba mdogo kwa WhatsApp, nikamwuliza moja kwa moja, siku ile watu walisema nini hasa. Akanieleza kwanza habari za ng'ombe, kisha mvua, kisha harusi ya binamu. Nikarudia swali.

"Mwanangu," akasema, "hayo njoo nayo Desemba."