Sikukuu za Waingereza Zinanichosha Kuliko Kazi

Mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni mke wangu, au afadhali msimuulize. Lakini huu ni mwaka wa 11 niko hapa Leicester, napakia na kushusha mizigo katika ghala ambalo sitalitaja, na mpaka leo sijazizoea sikukuu za wenyeji wangu. Kwetu Tanga sikukuu ina jina na sababu yake: ni Idi, ni Maulidi, ni Saba Saba, ni siku ya Mwalimu Nyerere. Huku nyingi ni Jumatatu tupu, nazo huitwa sikukuu za benki. Nilipouliza ni walii gani aliyezikwa benki, nilielezwa kwamba mwaka 1871 mbunge mmoja, Sir John Lubbock, ambaye mwenyewe alikuwa na benki, alisimamia sheria ya kuzifunga benki siku kadhaa kwa mwaka, na kwa kuwa biashara haiendi pesa zikifungiwa, watu wengine nao wakapumzika. Mimi na benki yangu hatuna la kuambiana, iwe imefunga au imefungua.

Siku hizo kwa kawaida ni 8 tu katika England na Wales, na hata hizo 8 zina mtego. Sheria inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya siku 28 kwa mwaka, ila mwajiri anaruhusiwa kuzihesabu sikukuu za benki humo humo, kwa hiyo ukiona umepewa Jumatatu ya kupumzika, ujue umepewa kuku wako mwenyewe, tena ushukuru. Hakuna hata sheria inayomlazimisha akupe siku yenyewe. Akitaka uje, utakuja.

Kinachonikera zaidi ni msimamizi wangu. Kila mwaka nikiomba ruhusa ya Idi huniuliza tarehe, nami humjibu kwamba tunasubiri mwezi uandame, naye hucheka mpaka akashika meza, eti watu wazima mnapangiwa ratiba na mwezi. Mwaka juzi nilimuuliza kwa adabu Pasaka yao iko lini. Akachungulia simu, akakuna kichwa, na mwisho akalazimika kunisomea kwamba ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Nilinyamaza. Naye alinyamaza. Mwaka uliofuata akaniuliza tena tarehe ya Idi, akacheka vilevile.

Kabla ya hiyo Pasaka, ipo Jumanne ya chapati za maji. Zamani watu walikuwa wakimaliza mayai na mafuta kabla ya Kwaresima, jambo ambalo hata mama yangu angelielewa, kwani chakula hakitupwi. Lakini wenzetu hawakuridhika kula. Katika mji wa Olney wanawake hushindana mbio huku wameshika vikaango vyenye chapati, desturi inayosemekana kuanza mwaka 1445, na sharti wavae aproni na kujifunika kichwa. Mke wangu aliposikia sharti hilo alisema kwamba kwa kanga zake mbili angewaacha mbali, kisha akajaribu kuirusha chapati hewani jikoni kwetu. Ilinata kwenye king'ora cha moshi. Nilipanda kiti kuibandua, kile king'ora kikaanza kulia, na jirani yetu, mzee ambaye kwa miaka 11 hajatugongea mlango hata siku ya Krismasi, siku hiyo alitugongea.

Sitaki kuzungumzia wale wanaojirusha kwenye mteremko wa Cooper's Hill kule Gloucestershire mwishoni mwa Mei, wakifukuza jibini linalobingirika. Mtu anavunjika mguu kwa ajili ya jibini, na dukani lipo.

Mfalme Charles alizaliwa tarehe 14 Novemba, ila gwaride la kuzaliwa kwake hufanywa Juni, kwa kuwa Novemba huku hata farasi hatamani kutoka nje. Hoja hiyo ningeikubali kama Juni isingekuwa na mvua yake, na kama siku hiyo nasi tungepumzika. Hatupumziki.

Halafu unafika usiku wa tarehe 5 Novemba. Mwaka 1605 Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la Bunge akilinda mapipa 36 ya baruti, yaliyokusudiwa kumlipua Mfalme James pamoja na wakubwa wake. Baruti haikulipuka hata chembe, na kwa furaha hiyo ya kutolipuka, Waingereza wanalipua fataki mpaka leo. Mtaani kwetu hawalipui usiku mmoja. Wanaanza mapema na kumaliza wanapojisikia, nami nikiwa na zamu ya alfajiri hulala nimejifunika mto kichwani.

Krismasi ndiyo usiseme. Treni hazitembei, mabasi ni ya kuwinda, na maduka makubwa yanafungwa kwa amri ya sheria, kwa hiyo mwaka jana vitunguu vilipotuishia, pilau ikiwa bado haijaungwa, nilizunguka katika ukungu hadi nilipokuta kiduka cha kona, kwa kuwa vidogo sheria haivigusi. Mwenye duka alinitazama kwa huruma, akiwa amevaa taji la karatasi jekundu. Huku siku hiyo huvaliwa mataji ya karatasi mezani, na hakuna anayeona aibu.

Kesho yake, tarehe 26, ni Boxing Day. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni siku ya ngumi, na kila mwaka nilimsubiri bondia. Nilipofika huku nikaambiwa kwamba jina hilo linahusishwa na maboksi ya zawadi ambayo matajiri waliwapa watumishi na wachukuzi wao baada ya Krismasi. Nilifurahi sana, maana katika ghala letu mchukuzi ni mimi. Mwaka jana saa kumi na moja alfajiri msimamizi akanipigia simu, akasema nije haraka. Sikumuuliza kitu, nilivaa koti nikatoka. Maboksi niliyakuta kweli: lori zima, na wa kuyashusha nilikuwa peke yangu.