Kinga kwa madada poa wa Arusha: anayelindwa ni nani hasa?

Kila msako wa usiku unapopita kwenye baa na nyumba za wageni za Arusha, mabishano yaleyale hurudi mtaani: je, ni sawa fedha za umma na za wahisani zitumike kuwapelekea kondomu, dawa kinga za VVU na vipimo vya magonjwa ya zinaa wanawake ambao Kanuni ya Adhabu inawaadhibu kwa kutafuta wateja hadharani? Wapo wanaosema kumhudumia dada poa ni kuibariki kazi yake, na wapo wanaosema kumnyima ni kuuhatarisha mji mzima. Pande zote mbili zina hoja, lakini naona upande wa pili umeeleweka vibaya, na kwa kiasi fulani umejieleza vibaya wenyewe.

Anayepinga si mtu mwenye roho mbaya. Mzazi wa mitaa kama Ngarenaro au Unga Limited ana haki ya kuuliza kwa nini mwelimishaji rika amfuate dada poa mpaka mlangoni pa baa akiwa na boksi la kondomu, ilhali yeye akienda zahanati anakaa kwenye foleni tangu asubuhi, na mwisho anaweza kuambiwa dawa akanunue nje. Swali hilo halijibiwi kwa kumwita aliyeuliza mshamba. Lipo pia suala la wasichana wa chini ya miaka 18. Kwa hao hakuna cha biashara, kuna unyonyaji wa watoto, na huduma inayowafikia bila kuwatoa huko imefanya kazi nusu.

Hata hivyo ipo hesabu moja ambayo wapinzani hawaitazami kwa makini. Ilitoka Nairobi, mji ulioungana nasi kwa barabara ya Namanga. Katika mtaa wa Pumwani, watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, akiwamo muuguzi Elizabeth Ngugi, walianza kufanya kazi na wanawake wanaouza ngono katikati ya miaka ya 1980. Makadirio yao yaliyochapishwa mwaka 1991 yalihusu wanawake 500, ambao asilimia 80 walikuwa tayari na VVU na kila mmoja akikutana kwa wastani na wateja wanne kwa siku. Elimu, kondomu na tiba ya magonjwa ya zinaa kwa kundi hilo viliepusha maambukizi mapya kati ya 6,000 na 10,000 kwa mwaka, kwa gharama ya dola 8 hadi 12 kwa kila mtu aliyeepushwa.

Tuisome hesabu hiyo polepole. Kati ya wanawake 500, takriban 400 walikuwa wameshaambukizwa, kwa hiyo waliokuwa bado wanaweza kukingwa hawakuzidi 100. Basi maelfu yale walikuwa akina nani? Walikuwa wateja, na nyuma ya wateja wake zao, na nyuma ya wake watoto ambao wangezaliwa na virusi. Fedha iliyoonekana kumwendea dada poa ilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, inamlinda mke aliyelala nyumbani kwake bila kujua kwamba jina lake limo katika hesabu ya mtu yeyote. Ni makadirio, ndiyo, na ni ya enzi ambazo ARV hazikuwapo. Wala Arusha ya leo si Pumwani ya wakati ule: utafiti wa kitaifa wa 2016-17 uliukuta mkoa huu na maambukizi ya takriban asilimia 2 kwa watu wazima, chini ya nusu ya wastani wa nchi. Lakini pale ambapo maambukizi ya jumla ni madogo, ndipo kinga inapolipa zaidi ikielekezwa mahali yanapojikusanya, na mji wetu unapokea wachimbaji kutoka Mererani, madereva wa malori ya Namanga, watalii na wajumbe wa mikutano mwaka mzima.

Hapa ndipo watetezi wamejieleza vibaya. Wamezoea kumzungumzia mwanamke huyu kama daraja la virusi, kana kwamba akivuka mtu mwingine salama, yeye mwenyewe hahesabiwi. Anahesabiwa. Kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto aliye tumboni mwake. Akiwa na VVU, hatari yake ya saratani ya mlango wa kizazi ni mara sita ya mwanamke asiye navyo. Ningetaka atibiwe hata kama hesabu ya Pumwani isingekuwapo.

Kinga yenyewe si jambo jepesi kama inavyodhaniwa. Kondomu inahitaji ridhaa ya watu wawili, na mteja hupandisha dau ili isivaliwe. Nyumbani, kwa mpenzi wa kudumu, mara nyingi haivaliwi kabisa. Serikali ilipopiga marufuku vilainishi vinavyotumika pamoja na kondomu mwaka 2016, kilichobaki karibu ni mafuta ya kupaka, ambayo huudhoofisha mpira wa kondomu kwa dakika chache. Vidonge vya dawa kinga, ambavyo humezwa na asiye na VVU ili asiambukizwe, huja kwenye kopo linalolia likitikiswa ndani ya mkoba, na anayelisikia hudhani ni ARV, kwa hiyo wengine huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni au hujaza pamba kwenye kopo. Dawa za kuzuia VVU baada ya kubakwa au kupasukiwa kondomu lazima zianze ndani ya saa 72. Aliyepatwa na hayo Ijumaa usiku, akakamatwa kwenye msako na kufikishwa mahakamani Jumatatu, saa zake zimekwisha au zimebaki chache mno. Msako unaotajwa kuwa unasafisha mji ndio unaomchelewesha.

Wapinzani wana hoja moja ambayo siwezi kuipunguza uzito, nayo ni utegemezi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kibali cha dharura kilichofuata kiliruhusu dawa kinga za mpango wake wa UKIMWI kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kwa maamuzi ya mji wa mbali, dada poa aliondolewa kwenye orodha. Na hayo yametokea wakati sindano ya kukinga VVU ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka na isiyo na kopo la kulia, imethibitika: kati ya wanawake 2,134 walioipata katika majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano hiyo haizuii kaswende, kisonono wala mimba, kwa hiyo kondomu haitastaafu.

Wengine husema wapewe mitaji waache. Naunga mkono, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu iwafikie na wao. Lakini anayesubiri mkopo ana wateja usiku wa leo.

Ndiyo maana naona huduma hizi zihamie katika vituo vyetu vya afya, zilipiwe na halmashauri, zifunguliwe mpaka usiku, na zimpokee bodaboda, mhudumu wa baa, dereva na mzazi yule wa Ngarenaro kwa mlango uleule, huku waelimishaji rika wakibaki kazini. Majaribio ya Mwanza ya 1991 hadi 1994 yalionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida za vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, na waliotibiwa walikuwa wananchi wote. Polisi nao wapewe maelekezo mawili ya maandishi: kondomu iliyokutwa mkobani isiwe ushahidi, na mahabusu anayesema amebakwa au amepasukiwa kondomu apelekwe kituo cha afya usiku uleule, kabla ya faili lake kufunguliwa.